Nani Anahesabu Watu? Mwongozo kwa Viongozi wa Vyama vya Wanafunzi

Tulirudi kutoka Bagamoyo kwa Kosta mbili na nyimbo tele. Kabla ya kuondoka kwenye magofu ya Kaole, katibu wetu alisimama mlangoni mwa gari la kwanza akapaza sauti, "Jamani, tupo wote?" Tukaitikia kwa pamoja, "Tupooo!" Dereva akaondoa gari. Tulikuwa tumeshapita Bunju pale mtu alipouliza begi jekundu lililo chini ya kiti ni la nani. Lilikuwa la binti wa mwaka wa kwanza aliyekwenda msalani, akatoka akakuta vumbi la magari. Simu yake ilikuwa ndani ya begi hilo. Wa gari la kwanza walidhani yuko la pili, wa gari la pili walidhani yuko la kwanza. Mama mmoja muuza madafu alimpa nauli, akapanda bodaboda hadi stendi, kisha daladala, akafika hosteli saa nne usiku macho yamemvimba kwa kulia.

Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Katiba ya chama chetu ilikuwa na kurasa kumi na nane, na ndani yake ibara nzima ya usalama wa wanachama. Ibara hiyo haikusema nani anahesabu watu.

Leo mimi ni mlezi wa chama kingine, na kila mwaka viongozi wapya huniletea rasimu ya kanuni zao niipitie. Huisoma na swali moja tu mkononi: nani? "Chama kitahakikisha usalama wa washiriki." Nani ndani ya chama? "Malalamiko yatashughulikiwa kwa haraka." Yatapokelewa na nani, na ndani ya siku ngapi? Kama umechaguliwa juzi kuongoza chama cha wanafunzi, kiwe cha taaluma, cha dini, cha mchezo au cha watu wa mkoa wenu, nakuandikia wewe.

Majina kabla ya fulana

Vyama vingi huanza na fulana na nembo. Anza na Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Chama kisichosajiliwa hakina mlezi, hakipati ukumbi, na likitokea la kutokea hakuna atakayesimama upande wenu. Mpeleke mlezi ratiba ya muhula mzima, hata kama nusu yake itabadilika. Mlezi anayepata habari ya safari yenu kwa kuona picha zake mtandaoni hawezi kuwatetea.

Kisha toa kazi nne, kila moja kwa mtu mwenye jina na namba ya simu. Wa kwanza ni anayehesabu watu. Wa pili anabeba boksi la huduma ya kwanza na anajua kilichomo. Wa tatu anapokea malalamiko. Wa nne ana mamlaka ya kusema "tunasitisha", na akisema, hata mwenyekiti anatii. Huyu wa nne ndiye ninayemsisitiza kuliko wote, na ndiye viongozi humkataa. Mwenyekiti ameshalipa kianzio cha gari, ameshamwalika mgeni rasmi, ameshaahidi watu. Hayupo katika hali ya kuona kwamba mawingu yamekuwa meusi au kwamba boti imejaa. Mpe kazi hiyo mtu ambaye hakuandaa shughuli. Asiwe mshiriki wa kamati ya maandalizi, na asiwe mchumba wa mwenyekiti.

Safari

Hapa ndipo vyama vya wanafunzi huumiza watu zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Andika orodha ya majina kwa karatasi, nakala tatu: moja kwa anayehesabu, moja kwa dereva, moja ibaki chuoni kwa mlezi au kwa polisi wasaidizi wa getini. Kila jina liwe na namba ya simu ya ndugu. Siyo namba ya rafiki yake ambaye naye yuko ndani ya gari hilohilo. Tarehe 6 Mei 2017, siku ya mvua, basi la wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni huko Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Ninapoikumbuka ajali ile nawafikiria wazazi waliokuwa wakitafuta kujua nani alikuwemo na nani amepona. Orodha iliyobaki nyuma haizuii ajali, lakini huwapunguzia wazazi saa za kuzunguka hospitali kwa hospitali.

Kuhesabu kuna namna yake. Usiulize "tupo wote?", kwa sababu anayekosekana hawezi kujibu. Ita jina, usikie sauti, uone uso, ndipo uweke tiki. Kila mtu arudi na gari alilokuja nalo; anayetaka kuhama ili akae na rafiki yake amwambie kwanza anayehesabu. Gari haliondoki mpaka tiki zilingane na majina. Watu watapiga kelele kwamba unawachelewesha. Waache wapige.

Gari kodi kwa mtu mwenye leseni ya kubeba abiria. Siyo kwa mjomba wa mtu mwenye Noah. Kabla ya kulipa, kagua matairi, mikanda na taa, na muulize dereva amelala saa ngapi usiku uliopita. Dereva aliyetoka Mbeya alfajiri na sasa anawapeleka Mikumi ni dereva mchovu hata akicheka. Mwambieni wazi mbele ya wote kwamba hakuna anayemharakisha, kisha mlitimize neno hilo: mwenye mtihani Jumatatu asubuhi asipange safari inayorudi Jumapili usiku wa manane. Anayesimama kwenye korido akimshangilia dereva aongeze mwendo akalishwe chini.

Bahari nayo ina kanuni zake, na hazijali mwaka wako wa masomo. Wanaokwenda Mbudya kwa boti kutoka Kunduchi huvaa maboya pale mtu wa forodhani anapowatazama, wakafika katikati wakayavua ili wapige picha. Kanuni ni fupi: boya linafungwa kabla boti haijasukumwa na linafunguliwa mguu ukigusa mchanga. Idadi ya watu isizidi idadi ya maboya. Waulizeni wavuvi habari za maji, kwa maana wanajua lini ni bamvua na lini ni maji mafu, na mahali palipokuwa magotini asubuhi huenda jioni pakawa kifuani. Upepo wa kusi ukianza kuchafua bahari mchana, rudini mapema. Chakula kilichobaki kitaliwa hosteli.

Waogeleaji waende wawili wawili, na awepo mtu nchi kavu ambaye kazi yake ni kutazama maji tu. Mpe kamba ndefu na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri. Dumu hilo huelea na mtu mzima anaweza kulikumbatia. Anayezama hurushiwa kitu cha kushika. Asiyefunzwa kuokoa asijitose, kwa sababu anayezama hukwea chochote kilicho karibu, na hapo mnazika wawili.

Mkivuka mpaka, kama wanavyofanya wanachama wa CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili, wanapokutana na wenzao kutoka vyuo vingine vya Afrika Mashariki, katibu awe na nakala za pasi na kadi za chanjo ya homa ya manjano. Pasi zenyewe kila mtu akae na yake. Kiongozi asizikusanye pasi za watu kwenye begi moja eti kwa usalama.

Ukumbi na hofu

Ukumbi ukijaa watu, kinachoua mara nyingi ni mlango. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa Moshi kwenye mkutano wa maombi, umati uliposukumana kwenda mahali pamoja kukanyaga mafuta ya upako. Hakukuwa na bomu wala moto. Kwa hiyo fika ukumbini saa moja kabla, fungua kila mlango kwa mkono wako, na usiondoke mpaka umejua funguo ziko mfukoni mwa nani. Mlango wa nyuma uliofungwa kwa kufuli ili watu wasiingie bila kadi ni kaburi likitokea tatizo. Weka mtu wa kukagua kadi, ondoa kufuli. Viti visizibe njia ya katikati, na nyaya za spika zibandikwe sakafuni kwa utepe.

Kuna hatari nyingine isiyoandikwa kwenye katiba yoyote ninayoijua, nayo ni habari isiyo na mwenyewe. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Siku kumi baadaye, alfajiri, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko karibu na mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kikuyu. Wanafunzi walidhani ni shambulio, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya mia moja waliumia. Novemba mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Strathmore, zoezi la usalama lililoigiza shambulio liliwatia watu hofu ya kweli, wakaruka madirishani, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha.

Nachukua mambo mawili hapo. Mkifanya zoezi la dharura, litangazeni mapema, siku na saa, na mrudie kulitangaza dakika chache kabla. Anayetaka kuwapima watu kwa kuwashtukiza anacheza na roho zao. Na pili, kila shughuli iwe na mtu mmoja mwenye maikrofoni ambaye sauti yake ndiyo inayoaminiwa. Taa zikizimika aseme papo hapo kwa utulivu: "Umeme umekatika, kaeni mlipo, tunawasha jenereta." Sekunde kumi za kimya gizani zinatosha watu kuanza kukimbilia mlangoni. Namba za dharura ziandikeni kwenye ratiba yenyewe: 112 polisi, 114 zimamoto, pamoja na namba ya polisi wasaidizi wa chuo na ya zahanati yenu.

Mwili wa mwenzako

Bashi ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza ina sura mbili. Mgeni anaona muziki na chakula cha bure. Ukisimama pembeni unaona pia kaka wa mwaka wa tatu wanavyochagua. Binti ana wiki mbili chuoni, hajui njia ya kwenda bwenini, bumu halijaingia, na mtu mwenye cheo kwenye chama anamwambia, "Usijali, mimi nitakusindikiza." Wengine husindikiza kwa wema. Kanuni haiwezi kusoma mioyo, kwa hiyo iwekeni hivi: hakuna anayesindikizwa na mtu mmoja. Kundi linaondoka pamoja saa iliyotangazwa, lina wasichana na wavulana, na linamfikisha kila mtu mlangoni kwake. Chama chenu kisinunue pombe. Vinywaji vifunguliwe mbele ya mnywaji.

Kiongozi anayetaka mapenzi ili akupe nafasi ya safari, ya kamati au ya ufadhili anatenda jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhusu mtu anayetumia mamlaka yake kudai ngono kama sharti la kumpa mwingine haki au nafasi. TAKUKURU hupokea simu kwa namba 113. Waambieni wanachama jambo hili kwenye kikao cha kwanza kabisa, na alitamke mwenyekiti mwenyewe kwa mdomo wake. Nimeona vikao ambako kazi hiyo huachiwa dada mmoja wa kamati ya jinsia mwishoni, watu wakiwa wanakunja viti.

Ile kazi ya kupokea malalamiko ipewe watu wawili badala ya mmoja, mwanamke na mwanamume, ili mtu achague. Mmoja wao asiwe kiongozi. Kwa nini? Kwa sababu anayelalamikiwa huenda akawa mwenyekiti. Mtu akija kwako na jambo zito, maneno yako ya kwanza yawe machache: "Pole. Nimekusikia. Unataka nifanye nini sasa?" Usimuulize alivaa nini. Usimuulize kwa nini alikwenda. Usiite kikao cha kamati kumsikiliza yeye na mtuhumiwa wakiwa wamekaa wakitazamana, na usijaribu kusuluhisha. Chama hakina mamlaka ya kusuluhisha ubakaji. Wala usimzuie kwa kusema jina la chama litaharibika.

Aliyebakwa afike hospitali mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Akiweza, asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi; nailoni huziozesha na ushahidi hupotea. Kama ameshaoga, aende hivyohivyo, bado atasaidiwa. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Mtu mmoja abaki naye hospitali, mwingine afuate fomu ya PF3 kituo cha polisi. Mwisho wa safari hiyo ni yeye mwenyewe atakayeamua nani aambiwe. Wewe uliyempokea nyamaza, hata kwa mwenza wako wa chumbani.

Ugonjwa katikati ya kikao

Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi huzaliwa na selimundu, na wengi wao sasa wanakua, wanafaulu, wanafika vyuo vikuu. Wapo ndani ya chama chako. Hawakuambii, kwa sababu wamechoka kuhurumiwa. Mwenye selimundu anaweza kwenda safari vizuri kabisa akinywa maji ya kutosha, asipokaa kwenye maji ya baridi muda mrefu na asipolazimishwa mbio za jua kali. Kwa hiyo mnapojisajili kwa safari, wekeni swali moja la hiari: "Kuna jambo la afya ungependa mbeba boksi alijue?" Jibu alione mbeba boksi peke yake. Siku ya michezo, asiulizwe mtu mbele ya wenzake kwa nini hachezi.

Kifafa kikimshika mtu ukumbini, mlaze ubavu, ondoa viti vilivyo karibu, weka kanga au sweta chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimbane mikono. Degedege likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Kwenye mikesha na ibada za wanafunzi nimeshuhudia mtu akiombewa muda mrefu huku hapumui sawasawa. Nami ni mtu wa kuomba, na nasema kwa moyo wote: maombi yaendelee ndani ya gari linalokwenda hospitali.

Fedha na grupu

Haya nayapitia kwa kifupi kwa sababu kanuni zake ni rahisi, kinachokosekana ni uthubutu. Michango iingie kwenye akaunti au Lipa namba ya chama. Isiingie kwenye simu ya mweka hazina, kwa sababu simu huibiwa, na hata mwaminifu akiibiwa hatasadikika. Watoa fedha wawe wawili. Hesabu zibandikwe kwenye grupu ndani ya siku saba baada ya kila shughuli, na risiti zipigwe picha.

Grupu la WhatsApp ni mali ya chama, na kiongozi wake anawajibika kwa kinachobandikwa humo. Namba za wanachama zisigawiwe kwa wauza bidhaa wala kwa wagombea wa uchaguzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imezipa taarifa za mtu ulinzi, na za afya zina ulinzi mkali zaidi. Ile orodha ya safari yenye namba za ndugu ichaneni mkisharudi salama. Picha ya mtu aliyeanguka, aliyelia au aliyelala garini mdomo wazi haipandishwi, hata kama kila mtu anacheka. Mwenye picha aombwe ruhusa kwanza, na "nitaifuta akikasirika" siyo ruhusa.

Kukabidhiana

Uongozi wa wanafunzi hudumu mwaka mmoja. Kila mnachojifunza kwa machozi huondoka na mahafali, na wanaofuata huanza upya kule kwenye "tupo wote?" Ndiyo maana nawataka viongozi wangu wawe na daftari moja la kawaida, lenye jalada gumu, lisilo la mtandaoni. Humo huandikwa kila lililokwenda kombo: tarehe, mahali, kilichotokea, na kilichobadilishwa baada yake. Jina la aliyeumia haliandikwi. Dereva aliyelewa aandikwe, ukumbi wenye mlango mbovu uandikwe, mpishi ambaye wali wake uliwaumiza watu matumbo naye aandikwe.

Siku ya makabidhiano, kamati ya zamani na mpya wakae meza moja, daftari lisomwe kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza. Inachukua karibu saa moja na nusu. Kisha chukueni karatasi ya namba za dharura, mweke simu kwenye spika, na mpige kila namba iliyoandikwa: mlezi, getini, zahanati, dereva, wapokea malalamiko. Isiyopokelewa ikateni papo hapo, na msiondoke mezani mpaka mmepata nyingine ya kuandika mahali pake.